Usinistahi Ndani ya Kikombe

Ihanda, 3 Juni 2024

Mama Tabita,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na naanza kwa kuomba radhi.

Meneja Joshua aliniambia tu kwamba leo anakuja mwonjaji mpya wa kahawa, Yunisi Sinkala wa Tunduma, nimfundishe kazi kabla sijastaafu Desemba. Jina hilo halikunishtua, maana kwetu Ibaba wewe ni Mama Tabita basi. Mlango ulipofunguliwa nikaona kile kitenge ambacho mke wangu Ruti alikununulia siku ya harusi, nikajua ni mke wa mwanangu Lusajo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, kijiko kikiwa bado mdomoni. Fausta wa jikoni ananiambia ulibaki umesimama na barua yako ya ajira, karibu kulia, ukidhani umenikosea. Hukunikosea. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani wala hawasemezani, hilo unalijua. Miaka mitano sasa ukisikia kikohozi changu unaingia ndani, nami nikisikia kicheko chako napita nyuma ya nyumba.

Meneja amecheka sana. Anasema mimi ni mzee wa kanisa na bado nakimbia watu. Nikamuuliza yeye, Mnyiha wa watu, kama mama mkwe wake amewahi kumwona akitafuna. Akaacha kucheka.

Tumekubaliana hivi. Mimi nitaonja asubuhi, na saa sita naondoka kwenda stoo ya magunia. Wewe utaingia saa saba na kuonja sampuli zilezile kwenye vikombe vipya. Kila nitakachotaka kukufundisha nitakiandika na kukiweka kwenye bati la biskuti lililo juu ya kabati, pamoja na karatasi ya alama zangu. Nawe utajibu humohumo. Simu hapana. Simu ni sauti, na hii yangu ya kitochi haiwezi kubeba somo la kahawa.

Tarehe 30 Agosti vitapangwa vikombe thelathini. Mimi nitaandika alama zangu na wewe zako, kila mtu peke yake. Zikilingana angalau ishirini na tano, unathibitishwa kazini na unapewa nyumba ya kiwanda. Zisipofika hapo, meneja atatafuta mtu mwingine. Ndivyo ilivyo, sitakudanganya.

Somo la kwanza: usijipake mafuta yenye manukato, na kitunguu kibichi kiache. Halafu kufyonza. Jaza kijiko, ufyonze kwa nguvu na kwa kelele, kahawa itawanyike mdomo mzima, kisha uteme. Ukifyonza kimya hujaonja kitu.

Baba mkwe wako,
Ambakisye Kibona


Ihanda, 4 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Lusajo aliniambia baba yuko kiwandani, na mimi sikuuliza sehemu gani. Nikadhani uko kwenye mashine huko, kiwanda kikubwa, tutapishana tu. Kumbe naletwa mpaka mbele ya meza yako! Nimempigia Lusajo, yuko na lori kwenye foleni upande wa Zambia, akacheka mpaka salio likaisha. Huyo ndiye mwanao.

Baba, naitaka kazi hii, nisikufiche. Tabita ana miaka mitatu na anakaa kwa mama yangu Tunduma, yule anayeuza kapenta, dagaa wa Zambia, pale karibu na mpaka. Chumba nilichopanga hapa hata kitanda kimeingia kwa kulazimishwa. Namwona mwanangu Jumapili tu, na kila nikiondoka ananificha viatu. Nikipata nyumba ya kiwanda nitamleta kesho yake.

Kufyonza ndiko kumenishinda. Nilipokuwa mdogo mama alinichapa kwa kunywa chai kwa kelele, akasema sitaolewa. Sasa nimeolewa, na baba mkwe ndiye anayeniamuru nifyonze. Leo nimefunga mlango na madirisha yote ndipo nikajaribu. Kahawa imeingia puani.

Mkweo,
Yunisi


Ihanda, 17 Juni 2024

Mama Tabita,

Kufunga madirisha hakusaidii, stoo imepakana na chumba chako na ukuta ni wa mbao. Nakusikia. Unafyonza kama mtu anayekunywa uji msibani. Ongeza nguvu, hapa kiwandani hakuna wa kukuchapa.

Vijiko unaviosha vizuri na vikombe unavipanga kwa mstari. Nimefurahi, maana mtu asiyejali kikombe hawezi kujali kilichomo.

Sasa sikiliza. Ukishamimina maji ya moto subiri dakika nne. Juu kutakuwa na ukoko wa unga wa kahawa. Uvunje kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Hapo ndipo kahawa mbaya hujitaja yenyewe, kabla hujaitia mdomoni.

Na maneno ya kuelezea usiyatafute mbali. Mimi nilipoanza mwaka 1993, mwalimu wangu marehemu Ezron alinipa karatasi ya majina ya matunda ya nchi za baridi ambayo hata yeye hakuwahi kuyaona. Niliiweka kando nikatumia ya kwetu: ganda la chungwa, asali, mabua ya mahindi baada ya mvua, gunia lililolowa, sufuria iliyounguza maharage. Ile kahawa ya shambani kwangu Ibaba nilikuwa naijua hata wakiificha kati ya vikombe mia. Inaanza na ganda la chungwa, katikati inakuja asali ya nyuki wadogo, na ukishatema inabaki kooni kama muwa.

Wewe umekulia sokoni mpakani, kati ya kapenta, karanga, sabuni na viungo. Una harufu nyingi kichwani kuliko nilizokuwa nazo mimi. Zitumie.

Baba mkwe wako,
A. Kibona


Ihanda, 8 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Leo nina shida na sijui nianzie wapi. Sampuli namba 41: nilipovunja ukoko nilikutana na kitunguu kilichooza. Si kidogo, nilirudisha kichwa nyuma. Nikaiandika mbovu, imekaa sana kwenye maji kabla ya kukaushwa, kama ulivyonifundisha. Nikafungua karatasi yako kulinganisha, nikakuta umeandika "safi, daraja la kwanza."

Nikachemsha maji upya nikarudia. Kitunguu kilekile.

Na si hiyo tu. Namba 47 kwangu ni ukungu, kwako ni safi. Namba 52 kwangu ni nzuri mno, kwako ni ya kawaida. Tangu wiki iliyopita, kati ya sampuli ishirini tumelingana tisa. Baba, Agosti inakuja. Nakosea wapi? Niambie tu bila kunihurumia.

Mkweo,
Yunisi


Ihanda, 9 Julai 2024

Mama Tabita,

Namba 41 ni safi. Punje zake zimelingana, rangi moja, hazina doa. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja.

Pua yako bado changa. Huenda ni kapenta wa mama yako. Harufu ile hukaa kwenye nguo na puani siku tatu. Ukienda Tunduma Jumapili, Jumatatu unaonja kapenta, si kahawa.

A. Kibona


Ihanda, 5 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Nashukuru kwa ushauri, nimeufuata. Sijaenda Tunduma Jumapili nne sasa. Nguo zote nimefua upya na kuanika nje siku mbili.

Naona umefaa, maana wiki iliyopita tumelingana kumi na tisa kati ya ishirini. Meneja ameniita ofisini kunipongeza, anasema damu ya ukoo imekubali. Nimemwambia damu yangu ni ya Wanamwanga lakini hakusikiliza.

Tabita jana alikataa kuja kwenye simu. Mama alimbembeleza, nikasikia akisema hapana, anacheza. Lakini ni siku chache zimebaki. Nikithibitishwa atasahau.

Mkweo,
Yunisi


Ihanda, 13 Agosti 2024

Mama Tabita,

Barua yako ya Jumatatu ile imekaa mfukoni mwangu siku nane. Nilianza kuijibu mara nne.

Jana nilifanya jambo. Sampuli namba 112 mpaka 118 sikuzionja. Sikuchemsha hata maji. Nilijaza alama ovyo, mbovu hapa, safi pale, kama mtoto anayejaza karatasi asiyoielewa. Mchana ukaingia wewe, na alama zako zimelingana na zangu zote saba.

Unanakili, Mama Tabita. Unafungua bati kwanza ndipo unaandika. Na sikukasirika, kwa sababu najua kwa nini. Umeambiwa tangu utotoni kwamba mkwe habishani na baba mkwe, ukaona afadhali pua yako ndiyo iwe na kosa kuliko yangu.

Kosa ni la pua yangu. Ile homa ya mwaka juzi iliyonilaza wiki tatu ilipoondoka iliondoka na kila kitu. Sisikii harufu. Chakula nakijua kwa moto na chumvi. Nilidhani itarudi baada ya mwezi, kisha baada ya mavuno, kisha nikaona aibu kusema kwamba nimekaa muda wote huo bila kusema. Nimekuwa nikitoa alama kwa macho, kwa rangi ya punje na ulaini wa ule mkato wa katikati yake. Mara nyingi nilibahatisha. Hata Ruti hajui, nasifia mchuzi wake kama zamani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikajiambia haya si maradhi, ni pua tu. Ila sikujua yatamfika mtoto. Nimekufanya uache kumwona mjukuu wangu Jumapili nne kwa sababu ya kapenta wasio na hatia. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kitunguu cha namba 41 kilikuwa kitunguu kweli. Nisamehe, mwanangu.

Ambakisye


Ihanda, 14 Agosti 2024

Baba yangu,

Nimelia, halafu nimecheka kidogo kwa ajili ya mchuzi wa Mama, halafu nimelia tena.

Ni kweli nimenakili. Kuanzia wiki ya mwisho ya Julai nilikuwa nasoma karatasi yako kwanza. Nilijiambia ni kujifunza. Jumatatu niliona vikombe vyako vimekauka kwenye rafu, nikajilazimisha kuamini kwamba umeviosha mapema. Kwa hiyo na mimi nina langu la kusamehewa.

Sasa nisikilize, naomba. Usimwambie mtu. Umebakiza miezi minne tu uagwe kwa heshima. Ukisema leo, miaka yako thelathini na moja itasimuliwa kwa hii miwili ya mwisho tu. Mimi siwezi kuwa mke wa mwanao aliyeingia kiwandani akamvua nguo baba mkwe. Nitaitazamaje Ibaba?

Tufanye hivi. Nitaingia alfajiri kabla yako, nitaonja, nitakuachia alama za kweli kwenye bati. Wewe utaziandika kwa mwandiko wako. Kahawa mbovu haitapita, na tarehe 30 tutalingana kwa haki kabisa. Nakuazima pua yangu mpaka Desemba, hakuna atakayejua isipokuwa wewe na mimi na Mungu.

Na ukiona haifai, basi mimi niondoke. Mama ana nafasi kwenye meza yake ya kapenta. Nitakuwa na Tabita kila siku, si hasara.

Mkweo anayekupenda,
Yunisi


Ibaba, 20 Agosti 2024

Mama Tabita,

Utakuwa umelikuta bati tupu na umeogopa. Niko nyumbani. Barua hii anakuletea konda wa basi.

Ulichoniandikia nimekisoma nikiwa stoo, nimekaa juu ya magunia, na nakwambia wazi hakuna mtoto wa kumzaa mwenyewe aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo. Ndiyo sababu sikuweza kukipokea. Ungelala usingizi gani, alfajiri zote hizo, ukinibebea uongo wangu? Ukanizoea, nami nikakuzoea, mwisho ukawa mwonjaji mwenye pua nzima na ulimi wa kuazima.

Kesho yake, tarehe 15, nilimfuata meneja nikamwambia yote. Nilimtajia namba zote nilizozitilia shaka tangu msimu uanze, na kwa bahati mzigo wa 41 bado uko stoo haujauzwa. Hakunifokea. Alisema nichukue likizo nije nyumbani, wataona. Nilipita mbele ya wenzangu na begi langu, mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikajibu ndiyo, kwa mara ya kwanza.

Ruti nimemwambia. Alitaka kujua ni mchuzi gani niliousifia ambao ulikuwa umeungua. Nikakubali ni mingi.

Sasa yako. Mtihani upo palepale. Meneja anamleta mwonjaji kutoka Mbeya, Bi Judith, alama zako zitalinganishwa na zake. Simjui, wala yeye hakujui. Usimtazame usoni kutafuta jibu. Usijaribu kuonja kama ambavyo mimi ningeonja. Njiani nistahi, nyumbani nistahi, ukipika nistahi kwa kuniwekea chakula nyuma ya mlango kama ulivyozoea. Usinistahi ndani ya kikombe. Andika kile ambacho mdomo wako umekwambia, hata kama ni kitunguu kwenye shamba langu mwenyewe.

Na Jumapili hii nenda Tunduma. Hilo naliomba, siliamuru. Mwachie viatu avifiche.

Baba yako,
Ambakisye


Ihanda, 1 Septemba 2024

Baba, shikamoo, na Mama shikamoo.

Nimelingana ishirini na nane.

Naandika hivyo kwanza kwa sababu najua unasoma umesimama. Kaa sasa.

Bi Judith ni mama mnene mpole, anafyonza kwa kishindo mpaka Fausta alichungulia akidhani bomba limepasuka. Nikasema kumbe hii ndiyo kazi, nami nikafyonza. Tukawa wawili tunashindana kwa kelele ndani ya chumba kile. Cha kumi na saba kilikuwa namba 41, meneja aliiingiza bila kutuambia. Ulipovunjika ukoko, nilirudisha kichwa nyuma. Nikakukumbuka, nikaandika "kitunguu kilichooza, mbovu." Bi Judith naye ameandika hivyohivyo.

Viwili tulivyotofautiana alivirudia mwenyewe. Kimoja akasema mimi ndiye niliyepata. Cha pili akasema nina mengi ya kujifunza.

Nimethibitishwa, Baba. Ufunguo wa nyumba ninao. Tabita amefika leo mchana, ameshakojoa kwenye godoro.

Meneja amenituma nikwambie kwamba mzigo wa 41 umeondolewa, na ile orodha yako ya namba imewasaidia kukamata mizigo mingine miwili. Amekasirika, hakunificha hilo, anasema ungemwambia mapema angekupa kazi nyingine. Lakini Desemba utaagwa kama ilivyopangwa. Fausta ameshaanza kukusanya watu wa kuimba.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni kahawa ya shambani kwako. Mama alimpa Lusajo kilo mbili mwezi wa saba, nami nimeikaanga leo na kuisaga. Naomba uifanyie kama ulivyonifundisha: maji ya moto, dakika nne, uvunje ukoko. Halafu Mama akusomee kuanzia hapa, polepole, kijiko kwa kijiko.

Kijiko cha kwanza. Ni ganda la chungwa, Baba, lakini chungwa ambalo limemenywa sasa hivi na mtu amesimama karibu nawe, mpaka ukungu wake umekurukia shavuni.

Kijiko cha pili. Asali ipo. Ni ya wale nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu kwa mbali. Mwaka huu imekuja mapema kuliko ulivyoniandikia, nadhani ni kwa sababu mvua ziliwahi kukatika.

Kijiko cha tatu, teme, subiri. Muwa. Uleule. Unakaa kooni muda mrefu, nimehesabu mpaka ishirini na bado upo.

Kuna kitu kimoja hukukiandika kwenye barua yako, labda ulikizoea. Mwishoni kabisa, kahawa ikishapoa, kuna harufu ya nyumbani kwenu asubuhi, wakati Mama amefungua mlango wa jikoni na moshi wa jana bado umo kwenye mbao. Nimeijua mara moja, maana miaka mitano nimekuwa nikiisikia kila nikiingia ndani kukukimbia.

Nimeipa alama ya juu kuliko zote za msimu huu. Sijakustahi hata kidogo.

Mkweo,
Yunisi, mwonjaji


Ibaba, 9 Septemba 2024

Mwanangu,

Tumekunywa. Ruti alisoma, mimi nilifyonza. Alipofika kwenye muwa alisimama akanitazama, maana nilikuwa nimefumba macho na machozi yanashuka. Akaniuliza kama nimeipata ladha. Nikamwambia hapana, ulimi hauna kitu, lakini nimeikumbuka yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na miaka miwili sijawahi kuikumbuka. Akarudia kusoma. Tukamaliza birika.

Harufu ile ya moshi sikuwahi kuijua. Nimezaliwa ndani yake.

Krismasi mtakuja, Lusajo ameahidi. Mimi nitakuwa katika chumba changu cha nyuma kama siku zote, nawe utakuwa jikoni na mama mkwe wako. Sitakuona wala hutanisemesha, ndivyo tulivyo, na nimezeeka mno kuanza kujifunza vingine. Lakini ukuta wa jikoni ni wa mbao, kama ule wa stoo.

Ukishachemsha kahawa ya shamba, Mama Tabita, fyonza. Fyonza kwa nguvu nisikie. Nimewauliza wazee wa hapa kama mkwe anakatazwa kufyonza, wamekaa kikao kizima na hawakupata katazo. Nami huku ndani nitakuwa na kikombe changu, na nitakujibu.

Baba yako,
Ambakisye Kibona